Maswali ya Wafugaji: Huyu ni Jogoo au Tetea, na ni Mbegu Gani?

Mwezi huu sanduku letu limejaa vifaranga. Karibu kila meseji ina picha, na karibu kila picha inauliza vitu viwili, huyu ni dume au jike, na huyu ni kuku gani hasa. Naelewa kabisa kwa nini watu wanahangaika, maana chakula kimepanda na hakuna anayetaka kulisha majogoo kumi na tano huku anasubiri mayai. Nimechagua maswali yanayofanana na mengine mengi, kama lako halipo humu soma tu, jibu lako litakuwa limo kwa jirani.

Msomaji wa Kibaha anauliza: Shikamoo mama. Nilinunua vifaranga kwa jamaa anayepita mtaani na boksi kwenye bodaboda, akanihakikishia ni Malawi pure alafu wote ni matetea, mimi nataka mayai tu. Sasa wana wiki kama saba, baadhi wameanza kutoa upanga mwekundu kichwani, wawili wana manyoya ya kahawia shingoni na mmoja ana miguu ya njano kabisa. Picha nimetuma. Je nimepigwa? Na nitajuaje majike mapema kabla hela ya chakula haijaniishia?

Jibu: Marahaba mwanangu. Tuanze na hilo la jinsia maana ndo linalokula hela yako kila siku.

Kwenye picha yako yule aliyesimama pembeni ya chombo cha maji cha bluu, huyo ni jogoo, hata usisubiri. Angalia upanga wake, umeshanyanyuka, umeshakuwa mpana na rangi imeshaingia wekundu mpaka kwenye ndevu za chini ya mdomo, na yuko wiki ya saba tu. Tetea wa umri huo upanga wake unakuwa mdogo, umelala karibu na kichwa, rangi yake ya njano njano au pinki iliyofifia, na unabaki hivyo hivyo wiki nyingi mpaka akaribie kutaga ndo unaiva. Angalia na miguu, ya huyo jamaa ni minene, goti kubwa, vidole vimetanuka, kisha linganisha na yule wa nyuma yake mwenye mkia ulioshajipanga vizuri, miguu myembamba, upanga hauonekani kabisa, huyo mimi namhesabu tetea.

Kitu kingine watu wengi hawakiangalii ni mgongo. Wiki ya nne mpaka ya sita majike wanawahi kuvaa manyoya, mkia na mabega yanajaa mapema, ila madume wengi wanabaki na mgongo wazi na kimkia kifupi, wanaonekana kama wameonewa chakula kumbe ni maumbile yao. Sasa hapo lazima ulinganishe kuku wa mbegu moja na umri mmoja, usichukue chotara wa wiki nane ukamlinganisha na kienyeji wa wiki tano alafu ukatoa hukumu.

Kwa wale ambao wiki ya saba bado hawaeleweki, usiuze wala usichinje, ngoja mpaka wafike kama miezi mitatu, hapo kuna alama ambayo mimi naiamini kuliko zote. Nenda bandani jioni wakishapanda kulala, mshike kuku taratibu, washa tochi ya simu, alafu yanyanyue manyoya ya kiunoni, pale mbele ya mkia, uyalaze juu ya kidole chako. Ya tetea yana ncha ya mviringo kama ukucha wa kidole, mapana, rangi imetulia. Ya jogoo ni membamba, marefu, yamechongoka, yanang'aa na yanamwagikia pembeni mwa kiuno. Hata kama bado yamechanganyika na yale ya utotoni, ukiona hata matatu manne yaliyochongoka yanachomoza, huyo ni dume tu. Shingoni nako ni hivyo hivyo ila kiunoni ndo panaonekana vizuri zaidi.

Haya, sasa mbegu. Wanaouzwa huku kwetu kwa jina la Malawi ni Black Australorp, kuku wa Australia waliotokana na Orpington weusi wa Uingereza, na ni watagaji wa kweli, miaka ya 1920 kule kwao waliweka rekodi za mayai ambazo watu wanazitaja mpaka leo. Mwenyewe hasa ni mweusi mwili mzima, ukimtoa juani anatoa kijani kwenye mabawa na mkia, upanga mmoja ulionyooka wenye meno, macho meusi meusi, miguu myeusi au kijivu iliyokolea, na ukimpindua nyayo zake chini ni nyeupe. Ngozi pia nyeupe. Kwa hiyo yule wa miguu ya njano hapana, huyo ana damu nyingine, na wale wa shingo ya kahawia nao wamechanganywa. Ila usishtuke ukiona kifaranga mchanga wa Malawi ana tumbo jeupe na ncha nyeupe za mabawa, hiyo ndo rangi yao ya kuzaliwa na inapotea wakikua, nimeshaona watu wanarudisha vifaranga wazuri kabisa kwa sababu hiyo.

Je umepigwa? Kwenye jina, ndiyo, hao wengine ni chotara. Haimaanishi hawatataga, chotara wa Malawi na kienyeji anataga vizuri tu na anahimili maisha ya kujitafutia. Ila kwenye hilo la "wote matetea" hapo uliambiwa uongo na linaniuma kwa sababu linarudiwa kila kona. Kifaranga wa siku moja wa kuku kama hawa haumwoni jinsia kwa nje. Kuna njia ya kuangalia njia ya haja ya kifaranga, Wajapani ndo walioifundisha dunia kuanzia miaka ya 1920 na 1930, lakini hiyo ni kazi ya wataalamu wanaosomea muda mrefu, alama yenyewe ni kitu kidogo sana ndani ya mkunjo, na ukibinya vibaya unamuua kifaranga. Mtu wa boksi kwenye bodaboda hana hiyo elimu. Ukinunua vifaranga mchanganyiko piga hesabu ya nusu kwa nusu, ukipata matetea zaidi shukuru Mungu.

Msomaji wa Malindi anauliza: Shikamoo mama, hamjambo huko. Kuchi wangu ametotoa na watoto sasa wana miezi mitatu na kitu. Wote warefu, wote wakorofi, wanapigana kutwa nzima, na hakuna hata mmoja mwenye upanga wa kueleweka. Jirani yangu asema wote ni majike kwa kuwa hawana upanga, mwengine asema wote ni majogoo kwa vile wapigana. Nimshike nani? Na je, hawa kweli ni kuchi halisi? Picha ya mama yao nimetuma.

Jibu: Marahaba. Wote wawili usiwashike.

Kuchi, hao kuku warefu wa jamii ya kienyeji, kanuni zake ni tofauti na nasikitika sana nikiona vijana wazuri wa kuchi wanachinjwa kwa kukosewa. Upanga wa kuchi ni mdogo kwa asili, umekaa chini kama kifundo juu ya mdomo, hauna yale meno marefu, ndevu nazo ni kidogo mno. Kwa hiyo ile alama ya upanga ambayo nimempa msomaji wa Kibaha, kwako wewe haifanyi kazi vizuri, jogoo wa kuchi wa miezi mitatu anaweza kuwa na upanga mdogo kuliko tetea wa layers, kuku wa mayai wa kisasa, anayetaga. Na ugomvi si alama ya udume, kuchi jike anapigana pia, tena akiwa na vifaranga usimsogelee.

Weka hao wawili wawili pamoja uwaangalie kwa utulivu. Kwanza kimo na mfupa, dume anakuwa mrefu zaidi, paja limetokeza, mguu mnene tangu gotini mpaka kwenye vidole, kichwa kipana na mdomo mfupi mzito uliopinda, anasimama kifua juu karibu wima. Jike ana umbo hilo hilo la kuchi lakini mwepesi, kichwa chembamba zaidi, na mwili umelala kidogo kuelekea mkia. Pili manyoya ya kiunoni kama nilivyoeleza juu, ila wape muda, kuchi wanachelewa kuvaa, miezi mitatu ya kuchi ni sawa na mtoto bado, kifua kinaweza kuwa wazi na ngozi nyekundu inaonekana. Nenda nao mpaka wafike miezi minne au mitano. Mkia wa dume utaanza kutoa yale manyoya marefu yanayopinda, na sauti itakatika, ataanza kuwika kwa kukwaruza. Kipi cha mguuni, ule mwiba wa nyuma ya mguu, usikitegemee peke yake, umri huo wote wana kajipele tu pale, na matetea wengine uzeeni wanaota vipi kabisa.

Kwa swali lako la pili ulilouliza mwishoni, la kama kweli hao ni kuchi halisi, picha ya mama yao inaniridhisha, shingo ndefu, manyoya machache yaliyobana mwili, mdomo wa kasuku. Baba hujamtuma. Bila baba siwezi kukuambia watoto ni nini, na yeyote atakayekuambia kwa kutazama picha ya mtoto tu anabahatisha.

Msomaji wa Morogoro anauliza: Habari za kazi mama. Nina matetea wa Plymouth Rock wale wa mistari mistari myeupe na myeusi, jogoo wangu alikufa nikaweka jogoo mwekundu wa Rhode Island. Wametotoa, vifaranga wote weusi ila baadhi wana doa jeupe kichwani na wengine hawana. Kuna mzee kaniambia wenye doa ni majogoo, nikajua ni imani tu za zamani. Ina ukweli wowote?

Jibu: Mzee yuko sahihi asilimia zote, mpelekee salamu zangu! Na wewe bila kujua umefanya kitu ambacho mashamba makubwa wanakifanya kwa makusudi ili wachambue vifaranga siku ile ile ya kutotolewa.

Iko hivi. Kwa kuku, mama ndo anayeamua jinsia, si baba kama kwa binadamu. Jogoo ana kromosomu, yaani vibeba urithi, mbili za Z, tetea ana Z moja na W moja. Mtoto wa kiume anapata Z moja kwa baba na moja kwa mama, mtoto wa kike anapata Z kwa baba tu, kwa mama anapata ile W. Sasa ile mistari ya Plymouth Rock imebebwa kwenye Z. Kwa hiyo tetea wako mwenye mistari anaipeleka kwa watoto wake wa kiume peke yao, mabinti hawaipati kabisa kwa sababu Z yao yote imetoka kwa baba mwekundu asiye na mistari. Na dalili ya mistari kwa kifaranga mweusi wa siku moja ni lile doa jeupe utosini. Wenye doa ni madume, watakua na mistari. Wasio na doa ni majike, watakua weusi na pengine kahawia kidogo shingoni na kifuani.

Lakini sikiliza vizuri hapa maana ndo watu wanapoharibu. Lazima mama awe na mistari na baba asiwe nayo. Ukigeuza ukaweka jogoo wa mistari juu ya matetea wekundu, watoto wote wa kike na wa kiume watapata doa na umepoteza alama. Na hao watoto wako nao ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe kizazi kinachofuata hakitafuata utaratibu huu, watachanganyika. Jogoo mweupe naye ni hatari, weupe wa kuku wengine unafunika rangi zote na hutaona doa wala mstari. Kwa kienyeji wa madoa madoa inawezekana pia ila mama awe na mistari kweli inayokata unyoya kwa upana, si wale wa vidoa vya kanga, na vifaranga wazaliwe weusi, wakizaliwa kahawia doa linapotelea humo humo.

Walio na Plymouth Rock baba na mama, nao wana unafuu kidogo: vifaranga wote wana doa ila la dume ni kubwa na limesambaa, la jike dogo na limekaa mahali pamoja, na wakikua dume anakuwa mweupe mweupe kwa sababu mistari yake myeupe ni mipana, jike anabaki na giza. Hapo kuna kukosea kidogo, lakini kwako wewe Morogoro hakuna. Watenge leo.

Hii ndo siri pia ya layers wa kahawia kama Isa Brown na Hy-Line Brown, jike anatoka kahawia, dume anatoka wa njano mpauko, ndo maana unaweza kuuziwa matetea watupu wa siku moja na ikawa kweli. Na ndo maana ukikuta mtu anauza "layers" wa kahawia ambao vifaranga wote ni wa njano, kwa bei ya kutupa, hayo ni majogoo.

Msomaji wa Tabora anauliza: Eti mayai yaliyochongoka yanatoa majogoo na ya duara yanatoa matetea? Nataka kuchagua kabla ya kuweka kwenye mashine.

Jibu: Hapana ndugu yangu. Jinsia inakuwa imeshaamuliwa ndani ya tetea kabla ganda halijatengenezwa, umbo la ganda haliwezi kujua kilichomo. Sindano na uzi juu ya yai, kumshika kifaranga miguu juu kichwa chini uone anavyojikunja, joto la mashine, vyote hivyo havibadilishi wala havioneshi kitu. Chagua mayai kwa sababu nyingine, yasiwe na ufa, yasiwe makubwa kupita kiasi, yasiwe yamekaa zaidi ya wiki moja hivi, utotoaji utakuwa mzuri.

Msomaji wa Mwanza anauliza: Mama naomba unisaidie kabla sijatoa hela. Nauziwa kuku wa mwezi mmoja, muuzaji anasema ni Kuroiler, mwenzangu anasema ni Sasso, mimi nikiwatazama naona kienyeji tu, wengine weusi, wengine kahawia, mmoja ana shingo wazi. Natofautishaje?

Jibu: Kwa rangi huwezi. Kuroiler alitengenezwa India na kampuni ya Keggfarms, akapita Uganda mpaka akafika kwetu, na kwa makusudi kabisa ana rangi mchanganyiko ili afanane na kuku wa kijijini. Sasso ni wa Ufaransa, wengi wao ni wekundu au kahawia, na ndani yao kuna wenye shingo wazi. Lakini kishingo yupo pia kwa kienyeji wetu tangu zamani, na akipandishwa na kuku yeyote anatoa watoto wa shingo wazi, kwa hiyo hiyo shingo haikuthibitishii lolote.

Kitakachokusaidia ni mwili na umri kwa pamoja. Kuroiler au Sasso wa mwezi mmoja aliyelishwa vizuri anamwacha mbali sana kienyeji wa mwezi mmoja, kifua kipana, miguu minene, ukimnyanyua unasikia uzito mkononi. Kama hao wako wepesi, kifua kimechongoka, basi ama ni kienyeji, ama ni chotara wa chotara, ama wamelishwa vibaya, na yote matatu hayastahili bei ya Kuroiler. Alafu muulize muuzaji risiti ya kituo alichochukulia vifaranga na kadi ya chanjo. Anayechukua kwa wakala wa kweli atakuonesha bila kinyongo, atakutajia na tarehe waliyotoka.

Na hili nalisisitiza: hao ni kuku wa kuchanganywa kwa mpango maalum, ukinunua matetea wa Kuroiler na jogoo wa Kuroiler ukatotolesha nyumbani, watoto hawatakuwa kama wazazi, wengine watadumaa, wengine watataga hovyo. Anayekuuzia "Kuroiler" waliototolewa nyuma ya nyumba yake anakuuzia kitu kingine. Kama nia yako ni kuku watakaojilalia na kujitotolea mwaka hadi mwaka, chukua kienyeji wazuri, chagua jogoo mwenye mwili kwa jirani wa mbali, utafika.

Msomaji wa Dodoma anauliza: Shikamoo. Nilinunua matetea, nimewapa layers mash (chakula cha kuku wanaotaga) tangu walipomaliza starter (chakula cha vifaranga) ili wawahi kutaga. Sasa wana miezi minne, karibu nusu wanawika! Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Pole sana, lakini cha kwanza kabisa toa hiyo layers mash leo, kabla hata ya kuwaza majogoo. Chakula cha layers kina kalsiamu nyingi, kama asilimia 3.5 mpaka 4, wakati kuku anayekua anahitaji kama asilimia 1 tu. Kuku ambaye hatagi hana pa kuipeleka, figo zinaumia, na majogoo ndo wanaumia zaidi kwa sababu wao hawataga maisha yao yote. Hakimfanyi tetea awahi pia, anataga umri wake ukifika.

Cha pili watenge. Majogoo wa miezi minne waliokaa na matetea wanawasumbua kutwa, wanawang'oa manyoya mgongoni, wanawafukuza kwenye chakula. Bakiza mmoja mzuri kwa kila matetea kama kumi ukitaka kutotolesha, kama unataka mayai ya kula tu hata huyo mmoja humhitaji, tetea anataga bila jogoo. Waliobaki waweke banda lao, wakiwa hawaoni majike hawapigani sana, wape growers (chakula cha kuku wanaokua) na majani, uza wale wazito kwanza, na kama sikukuu iko karibu wasubirishe kidogo maana Idi na Krismasi bei ya jogoo inapanda.

Matetea nao warudishe kwenye growers mpaka wiki ya 18 hivi au uone yai la kwanza, ndo uingize layers mash, unachanganya kidogo kidogo kwa wiki nzima mpaka growers iishe.